Namna ya kukienzi Utubora Mkulima kijijini, kwa watu wa Tanga

Nimeona mara nyingi hapa Tanga tunavyomuenzi Shaaban Robert, bango kubwa lenye picha yake, mgeni rasmi, ngoma, hotuba juu ya hotuba, watu wanapiga picha wanaondoka, na katika yote hayo hakuna hata mmoja aliyefungua kitabu akasoma ukurasa wenzie wakasikia. Mi naamini kitabu kinaenziwa kwa kusomwa. Na kama kitabu chenyewe ni Utubora Mkulima basi kisomwe kijijini, kwa sauti, mbele ya watu wanaoshika jembe, na wao ndo waseme kama mwandishi kasema kweli au la. Kwa iyo haya ni maelezo ya jinsi ya kulifanya hilo, kwa mwalimu, kikundi cha vijana, wanafunzi wa chuo walioko likizo, au hata familia tu yenye shamba na jamvi.

Kwa ambaye hajakisoma: Utubora ana kazi yake nzuri mjini, anaiacha, anakwenda kukaa shamba huko Busutamu, analima na anaishi na majirani. Sitaki kukumalizia utamu. Kilitoka 1968, miaka sita baada ya mwenyewe kufariki, maana Shaaban Robert katutoka Juni 1962. Alizaliwa 1 Januari 1909 Vibambani, Machui, hapo hapo njia ya Pangani, akaanza kazi ya ukarani forodhani Pangani 1926, akakaa kwenye kazi hiyo ya forodha karibu miaka kumi na nane, baadae akapelekwa idara ya wanyama, akarudi Tanga ofisi ya wilaya, akamalizia upimaji. Hebu angalia hapo. Mtu aliyekaa ofisini zaidi ya miaka thelathini ndo katuandikia habari ya mtu anayeiacha ofisi akashike jembe. Mi hilo huwa naliwaza sana kila nikikifungua, na ni vizuri na wewe ulibebe kichwani kabla hujaanza kuwaita watu.

Cha kwanza kabisa ukisome mwenyewe mpaka mwisho, sio kuuliza muhtasari kwa mtu. Soma mara ya kwanza kwa raha yako, mara ya pili shika penseli. Kiswahili chake ni cha zamani kidogo na sentensi zake zinajenga taratibu, anapenda kupima jambo upande huu na upande ule kabla hajalisema, sa ukisoma haraka haraka kama unasoma meseji utaona kama anahubiri tu, ila ukikisoma kwa mwendo wake unaanza kusikia mtu anazungumza nawe barazani. Maneno yasiyoeleweka andika pembeni, tafuta kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na yale ambayo kamusi haikuridhishi waulize wazee, utashangaa neno unalodhani limekufa bado bibi fulani wa Kigombe analitumia kila siku jikoni kwake.

Nakala zinapatikana ukizitafuta. Mkuki na Nyota wa Dar wamechapa upya vitabu kadhaa vya Shaaban, waulizie hao kwanza. Wauza vitabu vya mtumba nao hawakosi kitu, na wazee waliosoma miaka ya sabini wengi wanazo nakala kabatini zimekula vumbi, ukienda kwa adabu wanakuazima. Maktaba ya mkoa pale Tanga mjini, ile iliyojengwa kwa kumbukumbu ya King George VI, nayo ipite. Usitoe fotokopi kitabu kizima ukagawa, hiyo sio kumuenzi mwandishi, na wala huna haja nayo kwa sababu kinasomwa kwa sauti, nakala nne tano zinatosha kijiji kizima.

Sasa kijiji gani. Wengi akili inakimbilia Machui kwa sababu ndo kwao, na ni sawa, lakini sio lazima. Kama wewe kwenu Kigombe au Tongoni au Muheza ndani huko kwenye michungwa, fanyia kwenu, unakojulikana wewe mtoto wa nani. Kijiji ambacho hakuna anayekujua ni kazi mara mbili, na kitabu chenyewe kinahusu mtu kufika mahali na kukaa na watu, kwa iyo namna utakavyofika wewe watu wataipima, hawatakwambia lakini wataipima.

Kufika kwenyewe kuna utaratibu wake. Nenda wiki tatu nne kabla, usiende na gari lenye watu kumi, nendeni wawili, mmoja awe mtu mzima kidogo. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, afu mtendaji, kisha imamu, kisha mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kisha yule mama ambaye kila kijiji kinaye, ambaye akisema kesho tukutane watu wanakutana kweli. Huyo wa mwisho hana cheo na ndo muhimu kuliko wote. Ukikuta mzee amekaa barazani usianze na shughuli yako, shikamoo kwanza, uliza hali, uliza mvua, uliza watoto, kaa ukikaribishwa. Maongezi yatakwenda hivi karibu kila pahala:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu, karibu. Mwatoka wapi?"
"Twatoka mjini mzee, Chumbageni. Tumekuja na shauri, tunataka tuje tusome kitabu cha Shaaban Robert hapa, watu wasikilize tuzungumze."
"Ahaa. Ni mradi?"

Hapo kwenye mradi ndo pa kuwa makini. Vijiji vyetu vimezoea watu kutoka mjini wanaokuja na karatasi ya kusaini majina na posho mwishoni, na mtu akisikia kitabu anadhani ni semina. Jibu palepale, bila kuzungukazunguka: hapana mzee, sio mradi, hakuna posho wala karatasi ya kusaini, ni kusoma na kuzungumza, chakula tutapika pamoja. Wengine watakatishwa tamaa, waache, watakaokuja watakuwa wamekuja kwa ajili ya kitabu. Ukimficha mtu hilo siku hiyo mwisho wa shughuli kutakuwa na manung'uniko na kitabu cha watu kitakuwa kimeingia doa kisa wewe. Kama mna spika na jenereta mwambie mtendaji mapema, asije akasikia maiki inaunguruma ndo ajue kuna mkutano.

Tarehe usipange wewe. Wewe peleka mapendekezo mawili matatu, wao ndo wachague, maana kijiji kina saa zake ambazo mjini hatuzioni. Ramadhani hapana. Ijumaa mpaka watu watoke msikitini. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, njia za ndani hazipitiki na watu wako shamba kutwa. Kwenye vijiji vya bahari uliza bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanatoka sana na akina mama wanashuka pwani kutafuta pweza na kaa, ukiweka shughuli yako siku hiyo umewakosa karibu wanawake wote na wala sio kosa lao. Mi naona Juni ndo pazuri, masika imeisha, kusi inavuma kuna kabaridi kazuri, machungwa ya Muheza yanaanza kujaa, na ndo mwezi aliofariki mwenyewe. Saa ya kuanza ni baada ya Alasiri watu wametoka kuswali, mmalize kabla ya Magharibi. Na msiba ukitokea kijijini siku hiyo shughuli imeahirishwa palepale, usiulize, nenda mazishini na wewe.

Sasa tuje kwenye kusoma kwenyewe ambako ndo kila kitu.

Msijaribu kusoma kitabu kizima siku moja. Ukurasa mmoja kwa mwendo wa kusikika unakula dakika mbili na nusu mpaka tatu, na mtu aliyetoka shamba asubuhi anasikiliza vizuri dakika ishirini hivi kwa mkupuo kisha anahitaji kusema kitu au kunywa kitu. Kwa iyo chagueni vipande vitatu. Mi huwa napenda cha kwanza kiwe pale anapoamua kuacha kazi, kwa sababu kila familia kijijini ina mtoto aliyekwenda mjini kutafuta kazi ile ile ambayo Utubora anaiacha, na hapo watu wanaamka. Cha pili kiwe cha maisha yake shamba baada ya kufika. Cha tatu cha majirani. Katikati ya kipande na kipande mtu mmoja asimulie kwa maneno yake mwenyewe yaliyorukwa, kwa ufupi, asikariri.

Wasomaji wasiwe wa mjini peke yao, hilo nakuomba sana. Tafuta mmoja mzee wa kijiji aliyesoma, mmoja mwanamke, mmoja mtoto wa darasa la sita au la saba anayesoma bila kukwama. Wape nakala wiki mbili kabla na kaeni siku moja mfanye mazoezi. Kwenye mazoezi ndo penseli inafanya kazi: chukua ukurasa, soma sentensi moja ya Shaaban kwa sauti, pale pumzi inapokuishia weka kimstari kidogo cha kusimama, sio pale penye mkato wa kitabu tu bali pale mwili wako unapotaka hewa. Neno la kukazia lipigie mstari chini. Neno la zamani lisiloeleweka liandikie maana yake pembeni kwa herufi ndogo, ila msomaji asiliseme katikati ya kusoma, alimalize kwanza aya yake ndo aeleze. Mtoto akiwa na ukurasa wenye vimstari hivyo anasoma kama mtu mzima, nimeliona hilo, mtoto ambaye darasani walisema hajui kusoma kwa sauti kasoma kurasa mbili watu wametulia kimya kwa sababu alijua pa kupumua.

Kukaa nako kuna maana yake. Chini ya mwembe au mkorosho, majamvi na mikeka chini, viti vya plastiki kidogo kwa wazee wenye magoti. Msomaji akae upande upepo unakotoka ili sauti iende kwa watu, mkikaa kinyume kusi inakula maneno yote. Kama watu hawafiki sitini acheni maiki kabisa, sauti ya mtu inatosha na watu wanasogea karibu, na wakisogea ndo wanaanza kuulizana.

Na wataulizana. Hapa ndo penye utajiri wote na hapa ndo waandaaji wengi wanaharibu kwa kuleta mtoa mada aeleze dhamira na maudhui kama mtihani wa kidato cha nne. Usimlete. Ukimaliza kipande cha kwanza uliza swali moja tu la kawaida kabisa, mfano, jamani huyu kafanya vizuri kuacha kazi? Basi, kaa kimya. Kwetu tulipofanya, kijiji kimoja njia ya Pangani, kabla hata swali halijaulizwa bibi mmoja aliyekuwa anamenya muhogo pembeni alinyanyua kisu akauliza, huyo Utubora shamba kapewa na nani? Kalinunua? Na hao majirani waliulizwa? Mjadala wa saa nzima ulitoka kwenye swali la yule bibi, na hakuna msomi yeyote ambaye angeliuliza, kwa sababu sisi tunaosomea mjini tunaona kwenda kijijini ni jambo la moyo tu, lakini kwa mwenyeji mgeni akifika swali la kwanza ni ardhi.

Kwa iyo jiandae na swali la ardhi, usiende mtupu. Kwa sheria ya sasa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Maana yake mgeni anayetaka kukaa hapitishwi na mtu mmoja ofisini, wanakijiji wote wazima wana kauli. Hati ya hakimiliki ya kimila nayo inatoka hapohapo kijijini. Wakati wa Shaaban mambo hayakuwa hivi, na ukiwaachia watu walinganishe wenyewe utasikia mambo mengi, yapo ya watu wa mjini walionunua heka kumi kumi za pwani kwa mtu mmoja wakazungushia ukuta na wala hawajawahi kutoa hodi kwa jirani. Hapo usitaje wala usiruhusu majina yatajwe, sema jamani tunazungumza kitabu, lakini jambo lenyewe liache lisemwe.

Kuna la pili litakalokuja, nalo ni zito zaidi. Kitabu kimetoka 1968, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, na miaka michache mbele ndo ikaja Operesheni Vijiji, 1973 mpaka 1976, watu wakahamishwa kwenda kukaa vijiji vilivyopangwa. Mwandishi mwenyewe hakuyaona hayo, kafa hata mwaka mmoja baada ya Uhuru haujatimia. Lakini wazee unaowasomea wewe waliyaona. Sa unamsomea mzee wa miaka themanini habari ya mtu aliyehamia shamba kwa hiari yake na furaha yake, wakati yeye alihamishwa akaacha minazi ya baba yake kule alikotoka. Lazima liguse. Wengine watakwambia ilikuwa heri, tulipata shule na kisima na zahanati, wengine watanyamaza waangalie chini, wengine watasema kwa uchungu. Wote wapewe nafasi, na wewe muandaaji usitetee upande wowote wala usifupishe. Mi naona hapo ndo kitabu kinakua, kwa sababu tofauti ya kuhamia na kuhamishwa ni jambo ambalo ukurasa wenyewe haulisemi lakini wasikilizaji wanalo mwilini.

Na kuna watu wa tatu. Huku kwetu mkonge uliletwa na Mjerumani 1893, ukaanza karibu na Pangani, na mashamba yalipopanuka wakaletwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Ruanda na Urundi na kwingineko, wengi mkataba ulipoisha hawakurudi, wakapata kiploti, wakaoa, wakazaa, na leo wajukuu zao ni Watanga kama Mtanga mwingine. Hao ndo waliofanya alichofanya Utubora, tena bila mshahara wa kuacha nyuma. Kwenye kipande cha majirani waulizie: nani hapa babu yake alikuja na mkonge, na alipokelewaje, na nani alimpa mbegu ya kwanza. Wasambaa, Wadigo, Wabondei, Wasegeju walioko hapo watasema upande wao na hao wajukuu watasema wao, mkiwa na bahati watakuwa wamekaa jamvi moja. Ule msemo wa mgeni siku mbili siku ya tatu mpe jembe utatajwa tu, na wa Tanga waja leo waondoka leo nao hautakosa, wekeni yote mawili mezani muulizane lipi ndo Tanga ya kweli. Msilazimishe jibu.

Kama unataka kurekodi, omba ruhusa mwanzo kabisa na kwa kila anayezungumza, sio kwa mwenyekiti peke yake. Simu ya kawaida inatosha, iweke juu ya kitu kikavu karibu na mzungumzaji, ifunike na leso nyepesi upepo usiingie. Video wengi wanaikataa, hasa akina mama, na akikataa mtu usibembeleze mara ya pili. Afu mtu mmoja awe na daftari aandike, kwa sababu simu zinaibiwa na zinaharibika.

Kuhusu kazi ya mikono. Watu wengi wakisikia kitabu cha mkulima wanataka kupanda miti, ndo fasheni, miche mia moja, picha, kwaheri. Juni masika imeshakwisha, mche wa mnazi au mchungwa ukiuweka ardhini mwezi huo pasipo mtu wa kuumwagilia mpaka vuli ya Oktoba unakufa, na wanakijiji wanajua unakufa, wanakuangalia tu kwa heshima. Kama mnataka kazi ulizeni asubuhi hiyo wana kazi gani. Pengine ni kupalilia muhogo, pengine kufyeka njia ya kisimani, pengine kubeba mawe ya choo cha shule. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, upo, jiungeni nao, mshike majembe yao mfanye watakavyowaelekeza, na mkichoka semeni tumechoka. Miti kama lazima basi rudini wakati wa mvua, minazi mkiacha mita tisa toka mche hadi mche, shimo lichimbwe la kutosha, sentimita sitini kila upande, na kila mche uwe na mwenyewe wa kuutazama, familia fulani, sio mche wa kikundi maana cha wote hakinyweshwi na mtu.

Chakula: usilete mabox ya chipsi kuku kutoka mjini. Kaa na wale akina mama wiki moja kabla, wapige hesabu wao, nazi ngapi, muhogo kiasi gani, samaki, sukari, kahawa, na uwape hela mkononi ikiwemo ya kazi yao ya kupika, wasifanywe watumishi wa bure kwenye shughuli ya kumuenzi mtu aliyeandika juu ya utu. Muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga unatosha kabisa, kahawa na kashata wakati wa mazungumzo, machungwa kwa watoto. Na wapishi wasikie kusomwa, kwa iyo jiko liwe karibu, sio nyuma ya nyumba, la sivyo wale wenye maneno mazuri kuliko wote watakuwa wamefungiwa na moshi.

Kwa mtakaokwenda Machui, kaburi lake lipo huko. Hilo sio eneo la maonyesho. Ulizeni kwanza kwa wazee na jamaa zake, mkiruhusiwa nendeni wachache, mavazi ya heshima, akina dada mjifunike, imamu au mzee wa hapo aongoze dua, na mkimaliza ondokeni kimyakimya. Hotuba hapana, bango hapana, na picha za kujipiga mkiwa mmesimama juu ya makaburi ya watu ndo kabisa. Dua hiyo ifanywe asubuhi kabla ya yote, isichanganywe na mjadala.

Bajeti ukiangalia sio kubwa, nauli ya daladala au bajaji, nakala za vitabu, chakula, shukrani ya wapishi, betri za maiki kama ipo. Mkichanga watu kumi mnaimudu bila kumwandikia barua mfadhili yeyote, na mi nashauri msimwandikie, kwa sababu akija atataka bango lake.

Baada ya siku hiyo kuna mambo mawili yasiachwe. La kwanza daftari lile: liandikwe vizuri, lichapwe hata kurasa nane tu, lirudishwe kijijini ndani ya miezi miwili, lisomwe kwa waliosema ili mwenye kutaka neno lake litolewe alitoe. La pili vitabu. Nakala zenu, ukitoa zile za kuazima, zisirudi mjini. Moja ibaki shule, moja kwa yule mama mwenye kuita watu, nyingine baraza la kahawa pale ambapo wazee wanakaa kila jioni, na ile yenye vimstari vya penseli muachieni yule mtoto aliyesoma. Kubalianeni kabisa nani anaendelea kusoma vipande vilivyorukwa na siku gani, tuseme kila Jumapili baada ya Alasiri kurasa tano tano, mpaka kitabu kiishe, nyie mkiwepo au msiwepo. Piga simu kwa mwalimu baada ya mwezi uulize wamefika wapi, na ukiambiwa nakala ya baraza imepotea usifanye kikao, peleka nyingine.